Nyumba ya Wageni Isiyolaza Wageni

Unapoingia mji mkongwe wa Bagamoyo ukitokea upande wa bara, unakutana na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu waliochoka. Inaitwa Caravan Serai. Ni ua mpana uliozungushiwa kuta nyeupe na vyumba vidogo vidogo vilivyopangana, na katikati ya ua imesimama nyumba ya ghorofa moja yenye dari za boriti. Katika karne ya 19 mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Tabora au Ujiji alijua kwamba akifika hapa ametua. Mzigo unashuka begani, maji yanapatikana, moto unawashwa, na kesho hakuna kuamka alfajiri kushika njia.

Leo serai ni makumbusho ya serikali. Unalipa kiingilio, unatazama picha na maelezo yaliyobandikwa ukutani, unatoka. Milango inafungwa jioni, na usiku hakuna anayelala pale zaidi ya mlinzi. Mimi ni mtu wa Daudi, huko Mbulu, mbali kabisa na bahari, na nyumba hii inanigusa kuliko majengo mengi makubwa na mazuri zaidi yaliyoko Pwani. Naamini tumeihifadhi nusu. Tumeokoa kuta, tukaiacha kazi yake ife.

Tuanze na waliolala humo. Wengi walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma, vijana waliojiajiri kwa ujira, wakibeba pembe za ndovu kuteremka nazo Pwani na kurudi bara na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, bila kuhesabu mkeka wake, sufuria yake na posho yake. Pembe kubwa ilibebwa na wanaume wawili kwa mti uliolala mabegani. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na msafara uliokwenda vizuri ulitumia miezi miwili hadi mitatu. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, na nidhamu ya kambi ilikuwa mikononi mwa wanyapara. Wanawake nao walikuwamo, wengine wake za wapagazi, wengine wapishi, wengine wakibeba mizigo yao wenyewe.

Walipofika Bagamoyo hawakugeuza siku ya pili. Mpagazi alisubiri. Alisubiri pembe zipimwe na ziuzwe, alisubiri tajiri wa Kihindi au Kiarabu afunge mizigo mipya, alisubiri mvua ikatike na njia ikauke. Sewa Haji, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1897 na ambaye hospitali iliyoitwa kwa jina lake mjini Dar es Salaam ni chimbuko la Muhimbili ya leo, alijenga utajiri wake kwa kuihudumia misafara ya namna hii. Katika majira ya misafara maelfu ya watu wa bara walikuwa mjini kwa wakati mmoja, wakicheza ngoma, wakiuza na kununua, wakigombana na kupatana. Ule utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ambao hadi leo unamruhusu mtu amtukane mwenzake msibani na watu wacheke, ulikolea katika njia hizi na kambi hizi.

Wapo pia waliofika bila hiari. Misafara ileile ilileta mateka, na ingawa Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873, watu waliendelea kununuliwa na kuuzwa bara na Pwani kwa miaka mingi baadaye. Hilo lisemwe wazi na lisipunguzwe. Kinachonisikitisha ni kwamba mgeni anayetembelea Bagamoyo huondoka na habari za minyororo peke yake, na akimwona mtu mweusi mwenye mzigo katika picha ya zamani humdhani mtumwa. Mpagazi aliyepatana ujira wake, aliyegoma pale posho ilipopunguzwa, aliyetupa mzigo na kutoroka alipoona amedhulumiwa, huyo hatajwi. Wakati yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wa ua huu kuliko mtu mwingine yeyote.

Majina machache tunayo. Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright walikuwamo katika kundi lililobeba mwili wa mmisionari David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya sasa, alikofariki mwaka 1873. Waliuzika moyo wake palepale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kama mzigo wa msafara, wakatembea nao kwa miezi hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874. Usiku waliofika maiti ililazwa katika kanisa la misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Wainwright alisafiri na jeneza hadi Uingereza. Wenzake walilipwa, wakatawanyika.

Msomaji wa Daudi atauliza: haya yote yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Njia ya kati ya Bagamoyo haikupita kwetu, lakini njia ya kaskazini, iliyoanzia Pangani, ilipanda hadi Irangi na kushika Umbugwe, chini kabisa ya ukingo wa milima yetu, kuelekea Ziwa. Kondoa ilikuwa kituo cha misafara kabla haijawa makao makuu ya wilaya. Wairaqw walikaa juu. Wazee wa Mbulu wanazijua tembe za kale zilizochimbwa ubavuni mwa kilima: unachimba, unasimamisha nguzo, unatandika miti na majani, kisha unarudisha udongo juu mpaka paa linalingana na ardhi na nyasi zinaota. Mmasai aliyekuja kuteka ng'ombe angeweza kupita karibu asijue kwamba chini ya nyasi watu na mifugo wamenyamaza. Ilikuwa akili kubwa ya ujenzi, na ilizaliwa na hofu ya haki kabisa ya mtu anayetokea mbali. Zimebaki chache mno, na nazo zinabomoka.

Ndiyo maana nyumba ya Bagamoyo inanishangaza. Kwetu nyumba ilifichwa isionekane na mpita njia. Kule iliwekwa mlangoni mwa mji, kando ya njia, ili mpita njia asiikose. Watu wa karne moja, nchi ambayo leo ni moja, wakitoa majibu mawili tofauti kwa swali lilelile la nini kifanyike na mgeni.

Desturi ya kumjengea msafiri mahali pa kulala ni ya kale, na mara nyingi ilianza kwa ajili ya mahujaji. Katika mji wa Gloucester, Uingereza, ipo nyumba iitwayo New Inn iliyojengwa karibu mwaka 1450 na mtawa aitwaye John Twyning, kwa niaba ya abasia ya Mtakatifu Petro. Mahujaji walimiminika kwenye kaburi la Mfalme Edward wa Pili, aliyefariki mwaka 1327, na watawa wakaona haifai watu hao walale nje. Ni jengo la mbao lenye ua katikati na roshani zinazouzunguka ua huo, kila chumba kikifungukia roshani. Lina ulinzi wa sheria wa daraja la juu kabisa kama jengo la kihistoria. Na limeendelea kupokea wageni wa kunywa, kula na kulala. Pale Cairo ipo wikala ya Sultani Qansuh al-Ghuri, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 16: bidhaa na wanyama chini, wasafiri ghorofani, ua katikati. Ilijengwa kama sehemu ya wakfu, ikiingiza kodi ya kuhudumia msikiti na madrasa ya sultani huyo. Nayo imesimama, na watu huingia humo usiku kuangalia zikri na ngoma za Kisufi.

Ukizitazama ramani za nyumba hizi mbili ukaiweka na ya Bagamoyo pembeni, utadhani waliozijenga walisoma shule moja: ukuta, mlango mmoja mkubwa, ua, vyumba pembeni. Sababu ni za kawaida. Mlango mmoja hulindwa kirahisi. Ua huweka wanyama na mizigo mbele ya macho ya mwenye mali. Vyumba vidogo vinavyotazamana huwafanya watu wasiojuana wachungane.

Pwani yetu nayo haikuwa nyuma. Ibn Battuta, aliyetoka Morocco kwenda kuhiji na akaendelea kutembea kwa karibu miaka 30, alifika Mogadishu mwaka 1331. Hakuachwa atafute pa kulala. Kadhi alikuja kumpokea, na kwa amri ya sultani akapelekwa katika nyumba ya wanafunzi wa elimu ya dini, ikatandikwa na kutengenezwa kila kitu kinachohitajika, kisha kikaletwa chakula: wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha nyama, kuku na samaki, ndizi mbichi zilizochemshwa katika maziwa, ndimu na pilipili za kachumbari, embe na tangawizi. Alikula na kuandika. Alipofika Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, akiwapokea masharifu waliotoka Hijazi na Iraki. Sultani huyo alikuwa amewahi kwenda Makka mwenyewe. Labda ndiyo sababu alijua thamani ya mtu kukupokea ukiwa huna kwenu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981.

Turudi Bagamoyo. Kilichoiua serai kama nyumba ya wasafiri kinajulikana. Wajerumani waliufanya mji huu makao yao ya kwanza, wakahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Mwaka 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilibeba mzigo wa mamia ya wapagazi, na halikudai posho. Njia ikanyamaza, na mji uliokuwa unaishi kwa njia ukanyamaza nayo. Nyumba ikapewa kazi nyingine, ikachakaa, hatimaye ikakarabatiwa na kuwa makumbusho. Profesa Felix Chami na wenzake walichimba eneo hilo na kuchapisha matokeo ya uchunguzi wao mwaka 2004, jambo jema, maana majengo mengi ya Bagamoyo yamesimuliwa sana na kuchunguzwa kidogo.

Kuhifadhi jengo la Pwani si kazi ndogo. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari ni boriti za mikoko. Chokaa ya asili hupatikana kwa kupanga matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kuyachoma mpaka yawe meupe na mepesi, kisha kuyamwagia maji na kuyaacha yalainike kwa muda mrefu. Chokaa hiyo hupitisha unyevu. Ukuta unanyonya maji chini wakati wa masika na kuyatoa taratibu jua linapowaka. Fundi mwenye haraka akiupaka saruji, ukuta unaonekana mpya kwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo unyevu uliofungiwa ndani unaleta chumvi juu, plasta inavimba na kubanduka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya ukuta wenyewe. Tembea mitaa ya zamani ya Bagamoyo uguse kuta utaona kovu hilo kila mahali: bamba gumu la kijivu limening'inia, na nyuma yake unga mweupe unaomwagika kwa kidole. Fedha ya saruji ile ingetosha kuwafundisha vijana wa mji kuchoma chokaa.

Lakini hata ukuta uliopakwa chokaa safi unahitaji watu. Nyumba isiyokaliwa hufa haraka. Hakuna anayeona kwamba paa limeanza kuvuja pembeni, hakuna anayewasha moto wa kukausha chumba, mchwa wanapata nafasi. New Inn ya Gloucester haikudumu miaka zaidi ya 500 kwa sababu Waingereza wana sheria nzuri peke yake. Imedumu kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu aliyelala humo na mwingine aliyelipwa kumtandikia kitanda.

Na wageni Bagamoyo inao! Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Wakatoliki huja kuhiji katika misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, kwenye msalaba wa ufukweni na kanisa la zamani, mahali wanapopaita mlango wa imani katika Afrika Mashariki. Mtu wa Daudi, mwana wa Jimbo la Mbulu, akienda kusali pale anakwenda kwenye chanzo cha kanisa lake. Waislamu nao hukusanyika kwa maulidi yanayohusishwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, kiongozi wa twarika ya Qadiriya aliyefariki mwaka 1931. Mtu huyu alizaliwa Kongo, akaletwa Pwani utumwani, akawa katika nyumba ya liwali wa Kiarabu, akasoma, akafundisha, mpaka mabwana wa zamani wakawa wanamwendea yeye kuomba dua. Njia ya misafara ndiyo iliyomleta. Kusini kidogo ya mji, Kaole, yapo magofu ya msikiti wa karne ya 13, na katika makaburi yake bado watu wanafika kuomba na kuweka nadhiri.

Wakristo, Waislamu, na wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi ya shule: wote hawa wanapita mbele ya nyumba iliyojengwa kupokea wasafiri, wanakwenda kulala kwingine. Mwenye fedha analala hoteli ya ufukweni. Wa kati anatafuta gesti. Wanafunzi wa shule za bara wanatandika mikeka kwenye sakafu ya darasa lililoazimwa, au shule inaamua safari iwe ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, jambo ambalo kwa mtoto wa Daudi haliwezekani. Kutoka Mbulu hadi Babati, Babati hadi Kondoa na Dodoma, Dodoma hadi Chalinze, kisha Bagamoyo: siku nzima imekwisha ndani ya basi. Mtoto huyo ametembea sehemu kubwa ya njia ya wapagazi bila kujua, na hakuna anayemwambia.

Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO. Vituo vyake sita ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mwaka huohuo michoro ya miambani ya Kondoa, jirani zetu, ilikubaliwa kuwa Urithi wa Dunia. Kondoa imekwenda mbele, njia bado inasubiri. Pale Kwihara, karibu na Tabora, ipo tembe walimokaa Livingstone na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1872, nayo ni makumbusho. Yaani mwanzo wa njia kuna nyumba ya wageni iliyohifadhiwa, na katikati ya njia ipo nyingine. Vingine vyote vilivyokuwa katikati, visima, kambi, mibuyu ya kukutania, vinapotea kwa sababu hakuna anayepita akiviulizia.

Sitaki Caravan Serai igeuzwe hoteli. Wawekezaji wangeitaka, na wangeweka bwawa la kuogelea pale uani. Ninachotaka ni kidogo zaidi na kinawezekana. Vyumba vya pembeni vya ua, au banda jipya la makuti lililojengwa nje ya ukuta bila kugusa jengo la kale, vitengwe kwa ajili ya wanafunzi na mahujaji wanaotoka mbali. Vitanda vya kawaida, choo kizuri, maji, jiko. Ada ndogo inayorudi kwenye matengenezo ya jengo lenyewe, kama wakfu wa Cairo ulivyofanya. Wapishi wawe mama lishe wa mji. Jioni asimame mtu anayejua habari za wapagazi awaeleze watoto mzigo ulivyofungwa, awabebeshe frasila mbili wazunguke nazo uani mara moja tu. Kitabu cha maelezo hakiwezi kushindana na hilo.

Jambo la pili ni majina. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika kwa Kiswahili mambo ya watu wake katika kitabu cha Desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, na yeye mwenyewe alifundisha Kiswahili Berlin. Aliwajua watu wa misafara kwa macho yake. Mtu kama huyo anastahili chumba chake katika serai. Susi na Chuma nao, na Sheikh Ramiya, aliyefika kama mzigo wa mtu mwingine na akafa akiwa mwenyeji wa mji.

Wizara ya Maliasili na Utalii ina sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964, ina jengo, na ina wageni wanaopita mlangoni kila wiki. Walimu wa Daudi na wa Mbulu nzima, andikeni barua kuomba nafasi ya wanafunzi wenu kulala Caravan Serai. Maombi yakiwa mengi, itakuwa vigumu kuendelea kufunga mlango jioni.